Gongo la Alumini na Homurani 48 za Pete Incaviglia

Ndugu wasikilizaji, tuanze na hesabu, maana ubishi wa besiboli huishia huko. Mwaka 1985 Pete Incaviglia wa chuo kikuu cha Oklahoma State alipata zamu rasmi 250 za kupiga. Zile ambazo mpigaji hupewa besi ya bure hazimo. Mapigo yaliyomfikisha besi, kituo cha kukimbilia, yalikuwa 116. Gawanya: wastani 0.464. Sasa hesabu besi zenyewe, homurani moja, pigo linalomzungusha mpigaji besi zote, ikiwa besi nne: 285 kwa zamu 250, yaani 1.140, zaidi ya besi moja kila aliposhika gongo! Homurani 48 na mbio 143, yaani alama zilizopatikana kwa mapigo yake, katika mechi 75, ni rekodi za msimu mmoja wa vyuo zilizodumu miaka arobaini.

Lakini muulize alishika gongo gani. Vyuo viliruhusu alumini tangu 1974. Gongo hilo lina uwazi ndani. Mpira ukiligonga, ukuta wake hubonyea kidogo na kurudi, na mpira wenyewe haubonyei sana. Nguvu ambayo kwenye mbao ingepotelea ndani ya mpira hubaki. Isitoshe, uzito waweza kusogezwa karibu na mikono, basi linazungushwa upesi na mpigaji anasubiri kidogo zaidi kabla ya kuamua. Kusubiri huko si jambo dogo: mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4. Ukimrushia mpigaji wa alumini mpira karibu na vidole vyake, bado mpira waweza kuvuka vichwa vya walinzi. Kwa mbao, gongo linavunjika na mpira unabingirika miguuni pa mrushaji.

Montreal Expos, timu ya ligi kuu, walimchagua wa nane katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka huohuo wa 1985, akakataa kuwachezea, wakampeleka kwa mabadilishano kwenye timu ya Texas Rangers. Ligi ikatunga kanuni: mchezaji aliyechaguliwa asibadilishwe kabla ya mwaka kupita tangu asaini. Ilibadilishwa mwaka 2015, lakini watu bado wanaiita kwa jina lake.

Mwaka 1986 akaingia ligi kuu, ambako gongo ni la mbao tu, bila kucheza hata mechi moja ya ligi ndogo za maandalizi. Homurani 30, wastani 0.250, na mara 185 alitolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa kupiga, nyingi kuliko mpigaji yeyote wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka ule. Kwa hiyo nguvu haikuwa ya alumini peke yake. Wasemao ilikuwa alumini tu wanamwonea. Kilichopungua ni nafasi ya kukosea. Bembeo refu kama lake huanza mapema, na mrushaji wa ligi kuu anajua kutupa mpira unaoinama dakika ya mwisho, gongo likiwa limeshaondoka. Alimaliza na homurani 206, mwaka 1998.

Vyuo navyo vilibana magongo mwaka 2011 kwa kipimo cha kurudisha nguvu kisichozidi 0.50. Msimu huo homurani zikashuka karibu nusu. Anayepiga 25 leo, msimpime kwa 48 ya Incaviglia kabla ya kuuliza alichoshika mkononi.