Kumkumbuka Onni Niskanen, Mwalimu wa Abebe Bikila

Ndugu wasikilizaji, wanaonifahamu wanajua kwamba kila ninapopewa nafasi ya kuzungumzia michezo huishia kwa mtu mmoja, basi leo nitaanza naye kabisa. Ni Meja Onni Niskanen, mzaliwa wa Ufini aliyelelewa Uswidi, askari aliyejitolea kuipigania nchi aliyozaliwa dhidi ya Wasovieti, ambaye mwaka 1946 alikwenda Ethiopia kufundisha elimu ya viungo na kazi hiyo ikawa ndiyo maisha yake.

Habari za Roma mnazijua. Tarehe 10 Septemba 1960 Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alishinda marathoni ya Michezo ya Olimpiki pekupeku kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Kinachoniudhi, nami nitakisema hata mkinichoka, ni jinsi tunavyoisimulia habari hiyo: kijana wa milimani asiye na viatu anatokea gizani na kuwashinda mabingwa wa dunia, kana kwamba ushindi ulimshukia usiku ule ule. Masimulizi hayo yanamfuta mwalimu, na yanamdhulumu hata Abebe mwenyewe, kwa kuwa yanamnyang'anya jasho lake la miaka.

Hebu tulitazame jambo la viatu. Abebe alikuwa amezoea kujifua akiwa na viatu na bila viatu. Huko Roma viatu vipya havikumkaa vizuri, naye na mwalimu wake wakakata shauri akimbie pekupeku. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wawili walioijua kazi yao, haukuwa ufukara. Anayebisha aitazame Olimpiki ya Tokyo: tarehe 21 Oktoba 1964, wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Abebe huyo huyo alikimbia akiwa na viatu, akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, yaani dakika tatu pungufu ya zile za Roma, na aliyemfuata alichelewa kwa zaidi ya dakika nne. Kama siri ingekuwa kwenye nyayo, viatu vingemrudisha nyuma. Siri ilikuwa mazoezi: masafa marefu huko Addis Ababa, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, yakichanganywa na mbio fupi za kasi uwanjani, mwalimu akisimama na saa mkononi. Tena huko Roma ulikuwapo mpango. Waliikagua njia mapema, wakachagua mahali pa kuchomokea: kwenye mnara wa Aksum, ambao Italia ya Mussolini iliupora Ethiopia mwaka 1937 na kuusimamisha Roma. Alipoufikia, Abebe aliongeza kasi, akamwacha mpinzani wake, Rhadi wa Morocco.

Najua yupo humu anayetaka kuniuliza kwa nini namtukuza Mzungu kwa ushindi wa Mwafrika. Swali hilo ni la haki, na nimelijibu mara nyingi. Miguu, mapafu na moyo vilikuwa vya Abebe, na hakuna mwalimu anayemmiliki mwanafunzi wake. Haki ya mwalimu ni kutajwa, basi. Wala elimu ile haikubaki mikononi mwa mgeni. Mwaka 1968 huko Mexico, Abebe alipojitoa kwa maumivu ya mguu, dhahabu ilichukuliwa na Mamo Wolde, mlinzi mwenzake na mwanafunzi wa mwalimu yule yule. Na mkimbiaji mwingine wa Ethiopia, Miruts Yifter, alipotwaa dhahabu mbili Moscow mwaka 1980, kocha wake alikuwa Mwethiopia, Negussie Roba.

Nilikusudia kueleza kwa urefu kazi ya Niskanen katika Wizara ya Elimu, lakini naona muda umenipita. Nitaje tu kwamba mwaka 1969 Abebe alipata ajali ya gari iliyompooza miguu, na mwaka uliofuata alikuwa Uingereza akishindana kulenga shabaha kwa mishale akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 41; mwalimu wake alifariki mwaka 1984. Walimu wa michezo mliomo humu, mtakapowasimulia wanafunzi wenu habari za Roma, nawaomba mtaje majina yote mawili.