Watoto Wanane, Watoto Watatu, na Uzee wa Lamu

(Mhadhara uliotolewa baada ya sala ya Isha, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu)

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kama mnaongojea boti ya Mokowe. Sogeeni. Maneno ya leo ni yenu kuliko ya hawa waliokaa mbele. Wa mbele mambo yao yameshaandikwa. (Kicheko.)

Nimeitwa nizungumze juu ya pensheni na bima ya jamii. Nilipomwambia dada yangu, alicheka. "Hapa Lamu? Utamwambia nani?" Akaanza kuhesabu mlango kwa mlango, kuanzia kwetu Mkomani mpaka msikitini, na katika mtaa mzima akapata wawili wenye pensheni: mwalimu mstaafu na askari mstaafu. Na hawa wengine? nikamuuliza. Akasema, "Wengine wana watoto."

Nataka tulishike neno hilo. Nimekaa Nairobi miaka mingi nikipiga hesabu za mifuko ya wazee, na sijapata kusikia mtu akiueleza mfumo wetu kwa maneno machache kama hayo.

Lakini kwanza nivukeni nanyi bahari. Marekani kulikuwa na mama aitwaye Ida May Fuller. Tarehe 31 Januari 1940 alipewa hundi ya kwanza kabisa ya kila mwezi ya pensheni ya umma ya nchi ile, dola 22 na senti 54. Mama huyu alikuwa amechangia miaka mitatu tu, na mchango wake wote ulikuwa dola 24 na senti 75. Hundi ya pili ilipofika, alikuwa amekwisha kurudishiwa chake na zaidi. Kisha akaishi hadi miaka 100. Alipokufa mwaka 1975 alikuwa amepokea zaidi ya dola 22,000.

Pesa hizo zilitoka wapi? Kwa waliokuwa kazini wakati ule. Mama zangu mnaujua mchezo, huo wenu wa kila wiki, kumi mnatoa mmoja anapokea. Pensheni ya namna ile ni mchezo, ila una tofauti moja kubwa: wenu huisha, kila mtu akapata zamu yake, mkaanza mwingine. Ule hauna mwisho. Anayepokea leo analipwa na anayefanya kazi leo, na huyu naye atakuja kulipwa na mtoto ambaye hajazaliwa. Mwaka 1940 Marekani kila mpokeaji mmoja alikuwa na wachangiaji 159. Msishtuke na hesabu hiyo, mfumo ulikuwa mchanga, wazee walikuwa bado hawajaingia. Mwaka 1960 walibaki watano. Sasa hawafiki watatu.

Nchi zilizozeeka zimejaribu kila dawa, na dawa zenyewe ni chache: wachange zaidi, walipwe kidogo, wastaafu wakiwa wakubwa zaidi, au waongezwe wafanyakazi, kwa kuingiza wageni na kuwatoa wanawake nyumbani waende kazini. Ujerumani, ndiyo iliyoanza mambo haya kwa sheria ya mwaka 1889, na umri uliwekwa 70. Wengi hudhani ulikuwa 65. Huo ulikuja 1916. Sasa wanausogeza kidogo kidogo ufike 67 ifikapo 2031. Ufaransa mwaka 2023 serikali ilitaka kuutoa 62 hadi 64, na mliona kwenye televisheni barabara zilivyojaa watu. Japani, karibu watu watatu katika kila kumi wamefika miaka 65.

Waswidi mimi ndio wanaonipendeza. Miaka ya 1990 walitengeneza mfumo ambao kila mtu ana daftari lake, na akistaafu, kilichoandikwa humo hugawanywa kwa miaka ambayo watu wa rika lake wanatarajiwa kuishi. Rika likiishi zaidi, fungu la mwezi linapungua. Na madeni ya mfumo yakizidi mali yake, breki inajifunga yenyewe, bila bunge kukaa. Uzuri wake ni kwamba habari mbaya inaletwa na hesabu, hailetwi na waziri. Lakini breki ilipojifunga mwaka 2010 na pensheni zikashuka, serikali ikawapunguzia wazee kodi ili wasiumie sana. Kwa hiyo hata hesabu huiogopa kura.

Sasa turudi nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na waliofika miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7. Wazee sita katika kila mia. Ndiyo maana ukienda kwenye mikutano utasikia: Kenya ni nchi ya vijana, mambo ya kuzeeka ni ya Japani.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Wanaangalia mfumo ulioandikwa kwenye karatasi. Mfumo wenyewe hasa ni ule alioutaja dada yangu. Na ule umeshazeeka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya kwa wastani alizaa watoto wanane. Uchunguzi wa 2022 umekuta watatu na kitu, 3.4. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Tulizaliwa tisa, tukakua saba. Alipoishiwa nguvu za kushika shoka, mmoja wetu alikuwa bandarini Mombasa, mmoja Jeddah, mimi Nairobi, ndugu wawili wavuvi, dada wawili wameolewa mtaa wa pili, sahani ya wali haikukosa kufika. Hakuna aliyebeba mzigo mzito. Mmoja akikwama mwezi huu, sita wapo. Hiyo ndiyo bima, wazee wangu. Hatari inagawanywa kwa wengi mpaka inakuwa nyepesi.

Sasa chukueni mtu wa umri wangu mwenye watoto watatu. Wa kwanza yuko Saudia, anatuma. Wa pili ana shahada na hana kazi, yuko nyumbani. Wa tatu bado anasoma. Mfuko wa wachangiaji watatu, na wawili kati yao ni wapokeaji! (Kicheko.) Na mzee mwenyewe, mashallah, anaishi kuliko babake alivyoishi.

Sisemi mzae tena wanane. Mama zangu mlioponea chupuchupu kwenye uzazi hamhitaji kuhubiriwa na mimi. Nasema tu kwamba idadi ya wachangiaji imepunguzwa zaidi ya nusu, na hakuna mbunge aliyepiga kura, wala gazeti lililoandika kwamba pensheni ya Wakenya imekatwa.

Je, serikali imeweka nini pahali pake? NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilianza 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 na mwajiri akatoa 200, ukistaafu unapewa kiinua mgongo mara moja, unaezeka nyumba, unaoza binti, umekwisha. Sheria mpya ilipitishwa 2013, ikakaa mahakamani, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Sasa ni asilimia 6 kwako na 6 kwa mwajiri, na mwaka 2025 aliyekatwa zaidi alikatwa shilingi 4,320 kwa mwezi. Ni hatua. Na kwa kuwa kila mtu ana akaunti yake, si mchezo ule wa Ida May Fuller, uhaba wa watoto hauigusi moja kwa moja.

Lakini nani yumo? Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa nchi hii hawana mwajiri wa kuwakata. Mvuvi, fundi, mchukuzi wa punda, mama wa mahamri. Kwao kuna mpango wa Haba Haba, shilingi 25 kwa siku, na kabla yake, 2011, kulikuja ule wa Mbao, shilingi 20. Waliobuni mipango hii walikuwa na nia njema, ila naona waliitazama Nairobi, ambako mtu wa jua kali hupata kidogo kila siku. Mvuvi wa Lamu hapati kila siku. Kaskazi anapata, kusi anakaa pwani anatengeneza nyavu na anakopa dukani. Ukimwambia atoe 25 mwezi wa Juni unamwambia akope ili aweke akiba. Mpango wa watu wa bahari ungechanga kaskazi na kunyamaza kusi.

Kuna kijana aliniuliza jana, kwani basi kila mtu asijiwekee tu chake, tuache habari ya kutegemea watoto? Jawabu langu ni samaki. Pesa haziliwi. Ukiweka akiba miaka arubaini, samaki aina ya changu utakayokula mwaka 2065 haijavuliwa leo, wala hakuna barafu ya kuihifadhi. Itavuliwa na kijana wa 2065. Vijana wakiwa wachache na wazee wenye pesa wakiwa wengi, changu inapanda bei. Akiba ni haki ya kudai samaki, samaki mwenyewe lazima awe na mvuvi. Kwa hiyo yule kijana mwenye shahada aliyekaa bure nyumbani ni suala la pensheni kama lilivyo la ajira.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Mtu akiwakfu nyumba au shamba, asili yake haiuzwi, wanaofaidika wanakula kodi na mazao. Hilo ni mfuko kamili, hauulizi marehemu alizaa wangapi. Lakini nao unataka kutengenezwa. Kodi ikibaki ya zama za babu na dari ikaoza, wakfu unabaki jina. Na aliyeniandikia akiuliza kama mifuko ya uzeeni ina riba, hilo nawaachia masheikh. Mimi nitakwambia tu pesa zinakokwenda ili ukaulize ukiwa na habari: karibu nusu ya mali ya mifuko ya uzeeni Kenya iko kwenye dhamana na hatifungani za serikali, yaani inaikopesha serikali kwa riba.

Imebaki Inua Jamii. Mwenye miaka 70 apewe shilingi 2,000 kwa mwezi, hata kama hakuchangia senti. Mpango wa umri huo ulianza kulipa 2018. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza 2016, shilingi 20,000 za kule kwa mwezi, kisha wakapandisha hadi 50,000. Sisi 2,000 imebaki 2,000, na bei ya unga haikubaki. Tena 70 ni umri wa mtu wa ofisini. Mgongo wa mtu wa majahazi hufika sabini yeye akiwa na hamsini na tano.

Naam, kijana wa nyuma, sema.

(Kijana aliuliza: "Mimi nampa mzee wangu kila wiki, na nina watoto wawili. Hiyo ishirini na tano yangu naitoa wapi?")

Umeuliza swali ambalo limezishinda serikali kubwa. Kizazi kinachohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hulipa mara mbili. Baba yako alimlea babu yako, akatarajia wewe. Wewe unamlea baba, na unaambiwa usiwatarajie wanao, ujiwekee. Hakuna mtu aliyelipa hivyo kabla yako. Ndiyo maana nasema ile 2,000 ya mzee wako ni yako wewe pia. Kila shilingi inayomfikia yeye ni shilingi ambayo mfuko wako umepumua. Vijana ndio wangepaswa kuipigania ipande, lakini nikienda kwenye vikao vya bajeti nawakuta wazee watupu.

Haya, na mzee wangu hapa mbele.

(Mzee alisema kitambulisho chake kinamwandika amezaliwa 1961, na mdogo wake wa tumbo moja ameandikwa 1953 na anapokea tayari.)

(Kicheko kirefu.) Subhanallah. Mzee wangu, hesabu zangu zote za usiku huu hazina pahali pa kukuweka. Usiondoke. Tukimaliza, mpigie simu huyo mdogo wako aje na kitambulisho chake, na cha kwako utoe, tukae pale barazani tuandike barua. Kesho asubuhi tunaipeleka kwa chifu mimi na wewe, na yeye mdogo wako aje pia, waone wenyewe nani mkubwa.