Muscadet mezani: kuichagua, kuipoza na kuila na chaza

Chupa hii ni Muscadet Sèvre et Maine, mvinyo mweupe kutoka magharibi mwa Ufaransa, mashamba yaliyo kusini-mashariki mwa mji wa Nantes, karibu na mto Loire unapoingia Atlantiki. Zabibu zake huitwa melon de Bourgogne.

Anza na lebo. Tafuta maneno "sur lie", hapa chini ya jina. Mvinyo huo ulilala juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, ukatiwa chupani moja kwa moja kutoka hapo. Ndiyo maana una uzito kidogo mdomoni, harufu ya mbali ya mkate, na gesi inayochomachoma ncha ya ulimi. Viputo hivi vichache kwenye glasi si dalili ya kuharibika, usiirudishe dukani. Ukiona jina Gorges au Clisson, vijiji vya huko huko, mvinyo umekaa juu ya mashapo kwa muda usiopungua miezi 24: mzito zaidi, na ghali zaidi.

Usingojee harufu ya maua wala embe. Utapata ndimu, tufaha bichi na uchumvi kidogo. Ukiunywa mtupu unaweza kuuona kama maji. Huu ni mvinyo wa chakula.

Sasa tupoze. Ndoo ijae nusu barafu, nusu maji, chupa izame hadi shingoni, dakika 20. Usiache kutia maji, maana barafu tupu hugusa chupa sehemu chache tu. Tunataka nyuzi 8 hadi 10. Mvinyo ukipoa kupita hapo, harufu inapotea unabaki uchachu. Friza tusiiguse: ukiisahau humo, mvinyo unaganda na kusukuma kizibo nje.

Chaza wabichi ndio wenzake wa asili. Ndimu matone mawili yanatosha kwa kila chaza. Ukizidisha, mvinyo unaonekana umepooza, kwa sababu chakula kimeuzidi uchachu.

Samaki mweupe wa kuchemsha anahitaji sosi ya Nantes yenyewe, beurre blanc. Kwa watu wanne, katakata shaloti 3 (vitunguu vidogo) ziwe laini kabisa, weka kwenye sufuria na mililita 100 za Muscadet na 50 za siki nyeupe. Chemsha mpaka vibaki kama vijiko viwili vya maji. Punguza moto hadi mwisho. Chukua siagi gramu 200, iliyotoka kwenye friji, vipande vidogo; tia kimoja, piga kwa waya, kikiyeyuka tia kingine. Angalia: inakuwa nyeupe na nzito kama krimu. Ikichemka tu, imekatika, mafuta yanaelea juu. Ukiona michirizi ya mafuta pembeni, ondoa sufuria motoni haraka, tia kijiko cha maji baridi, piga kwa nguvu. Chumvi mwishoni. Siagi yote hiyo ingekinaisha, lakini uchachu wa mvinyo unaikata.

Nyama nyekundu, pilipili kali na keki, tafuta mvinyo mwingine.

Mvinyo ukibaki, rudisha kizibo, weka friji, siku mbili tatu. Baadaye glasi moja inatosha kupikia kilo ya kome na kitunguu: moto mkali, funika, dakika 4 au 5. Wasiofunguka, tupa.