Kemikali Haipaki Ua Rangi

Ndugu wakulima wa maua, na ninyi wanafunzi mliojaa huku nyuma, karibuni.

Mutajeni, yaani kemikali inayobadili jeni, haipaki rangi. Inaharibu jeni, na rangi mpya mara nyingi ndiyo inayobaki hatua moja ya utengenezaji ikishakwama. Inayotumika zaidi maabara ni EMS (ethyl methanesulfonate): hujibandika kwenye herufi G ya DNA, na seli inapojinakili G hiyo husomwa kama A.

Ndani ya petali vimeng'enya hupokezana kazi ya kutengeneza rangi. Kikifa cha mwanzo, ua la zambarau hutoka jeupe. Kikifa kinachoelekeza rangi kwenye buluu, huja pinki au nyekundu. Waridi halina hicho cha buluu tangu asili, kwa hiyo hata ukililoweka EMS mwaka mzima hulipati la buluu. Kampuni ya Suntory ya Japani ilibidi ihamishe jeni ya ua jingine, ndipo ikaanza kuuza waridi lake mwaka 2009.

Mimi nawasihi mwanze na Saintpaulia, urujuani wetu wa Usambara, uliopewa jina hilo la kisayansi Ujerumani mwaka 1893. Chomeka jani na kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vidogo hujitokeza penye kikonyo. Kila kimoja kwa kawaida hutokana na seli moja tu ya ngozi ya jani. Hapo ndipo utamu ulipo! Jani likilowekwa EMS kabla ya kuchomekwa, mche uliobadilika huwa umebadilika mwili mzima. Krisanthemamu, kinyume chake, hukupa tawi ambalo tabaka la nje limebadilika na la ndani halijabadilika, ukahangaika nalo.

Ila tafadhali, si kazi ya jikoni. Mwanasayansi Charlotte Auerbach, aliyegundua na mwenzake Robson kule Edinburgh kwamba gesi ya haradali hubadili jeni za nzi, aliungua mikono. EMS nayo husababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Glavu, kabati la kuvuta hewa, na mabaki yavunjwe makali kabla ya kumwagwa.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau: katika mmea kama Saintpaulia kila jeni kwa kawaida ina nakala mbili. Ukiharibu moja, nyingine hufanya kazi na ua hubaki zambarau vilevile. Basi chukueni majani ya mche uliozaliwa na zambarau na nyeupe, ambao nakala yake moja imekwisha kuharibika.