Kondo la ng'ombe na la nyati-maji: kukata vipande vinavyolinganishika

Habari za asubuhi. Tuko Mtwara, ng'ombe amezaa alfajiri na kondo limeshadondoka lenyewe. Leo tunakata vipande vya kupima maji, protini na madini, vilinganishwe na vya nyati. Nyati ninayemtaja ni yule wa maji, anayefugwa India na Misri. Mbogo wa Liwale muache porini kwake.

Vaa glavu za kufika begani, barakoa na gamubuti. Ng'ombe akiwa ametupa mimba, usiguse kitu, mwite daktari wa mifugo: vimelea vya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza na watu, hujaa kwenye kondo na hupita hata kwenye mchubuko mdogo. Kondo linaloning'inia nalo usilivute. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12; ukilivuta linakatika, na kipande kinachobaki kinaozea ndani.

Pokea kondo kwenye turubai safi. Mchanga wetu huu ukinasa, maabara watausoma kama madini. Suuza haraka kwa maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita, maana maji matupu huvimbisha seli. Weka kwenye chujio dakika 5. Usikamue.

Sogeza kamera hapa. Hivi vidude vyekundu-kahawia ni kotiledoni. Ng'ombe huwa na kama 70 hadi 120. Pitisha kidole: ni kama taulo lililolowa. Hivyo vinyweleo vilikuwa vimezama kwenye vinundu vya mji wa mimba. Kwa ng'ombe vina matawi mengi, na kinundu cha mama kina shina kama uyoga. Kwa nyati-maji matawi ni machache, na kinundu kimekaa kama kuba. Shina lenyewe hapa hulioni, kwa sababu upande wa mama umebaki tumboni. Ukitaka kuona pande zote mbili, tafuta mji wa mimba machinjioni.

Sasa kisu. Kata kotiledoni 3 karibu na kitovu, 3 katikati, 3 mwisho wa pembe, yaani ncha ya kondo iliyokuwa kwenye pembe ya mji wa mimba. Utando ulio kati ya kotiledoni uwekwe mfuko wake. Ukichanganya, tofauti utakayoipata ni ya kisu chako, siyo ya mnyama.

Pima gramu 10 papo hapo. Jua la saa nne hukausha kipande ukiwa bado unatafuta kalamu. Funga mfuko vizuri, tia kwenye deli. Barafu ya wauza samaki inatosha, mradi maji yake yasipenye. Maabara, kausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 1.6, maji ni asilimia 84.

Cha kuangalia kwa hadubini kisizidi unene wa milimita 5, kiwe kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande, saa 24 hadi 48. Kikiwa kinene, katikati kunaoza.

Kwenye lebo andika umri wa mimba. Ng'ombe hubeba siku kama 280, nyati-maji zaidi ya 300, kwa hiyo linganisha mimba zilizokomaa zote mbili, siyo siku kwa siku.

Mabaki yafukie kwenye shimo refu, mwagia chokaa. Mbwa wa jirani ameshasikia harufu.