Uraibu wa Bangi: Mgonjwa Aende Wapi?

REHEMA: Karibu, msikilizaji. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Wakenya zaidi ya 500,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, na karibu nusu yao ni waraibu. Kaka Mutua, watu hawa hutibiwa wapi?

MUTUA: Wengi hawatibiwi popote, Dada Rehema. Tangu kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilipofunguliwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, na nyingine zikafuata Pwani, mtumiaji wa heroini anajua pa kwenda kunywa dozi yake. Bangi haina dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa. Tiba yake ni mazungumzo ya wiki kadhaa na mshauri anayemsaidia mtu kutambua kinachomsukuma kuvuta, kujifunza kuivumilia hamu inapomjia na kupanga upya siku yake.

REHEMA: Wapo watakaosema kwamba bangi haina uraibu.

MUTUA: Waulize walioacha ghafla baada ya kuvuta kila siku kwa miaka. Ndani ya siku moja au mbili mtu huanza kukasirika ovyo, hukosa usingizi na hamu ya chakula, hutokwa na jasho na kuota ndoto za kutisha, na hali hiyo huweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi. Haiui, na pengine ndiyo maana inapuuzwa, lakini ndiyo inayowarudisha wengi kwenye msokoto kabla wiki haijaisha.

REHEMA: Mzazi akitafuta msaada, mara nyingi huelekezwa kwenye kituo cha kulazwa kwa siku 90, na vingi ni vya binafsi. Kama tiba ni mazungumzo, kwa nini kila mtu atafutiwe kitanda?

MUTUA: Hapo ndipo tulipokosea, kwa maoni yangu. Shirika la Afya Duniani, kupitia mhGAP, mpango wake wa kupanua huduma za afya ya akili, linataka wauguzi na maafisa wa kliniki wa kawaida wafundishwe kutoa ushauri huu mfupi katika vituo vilivyo karibu na watu, ili mgonjwa aendelee na kazi au masomo yake huku akitibiwa. Kitanda kibaki kwa wenye hali ngumu. Anayesikia sauti zisizokuwepo au anayetishia kujidhuru, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

REHEMA: Na hofu ya polisi je?

MUTUA: Ni kubwa, na ina msingi. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2022, anayepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Muuguzi anawajibika kutunza siri ya mgonjwa, lakini kijana aliyezoea kukimbia msako atalijuaje hilo ikiwa hakuna aliyemwambia?

REHEMA: Na akikataa kabisa kwenda?

MUTUA: Familia isingoje akubali ndipo itafute msaada. Namba ya NACADA, 1192, hupigwa bure, na mama au ndugu anaweza kupiga yeye mwenyewe, akaelezwa namna ya kuzungumza na kijana huyo bila kumfukuza nyumbani, na kituo kilichoidhinishwa kilicho karibu naye.