Swali litoke kwenu: mazungumzo na kamati za vijiji na za wakimbizi, Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda

Habari za asubuhi wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni ingieni bwana, viti bado viko. Nimeombwa niongee kuhusu jamii kufuatilia na kutathmini miradi, na nitaongea hii Kiswahili yetu ya hapa maana humu ndani kuna Waacholi, kuna Wakongo, kuna watu wa Sudan Kusini, kuna wenyeji wa Kiryandongo, na hii ndio lugha inatukutanisha sokoni kila siku.

Kila mtu hapa ashawahi kuhojiwa, si ndio? Kijana anakuja na tableti, anapewa kiti cha plastiki, anaanza, nyumba ina watu wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku, maji mnachota wapi, jembe mnalo au hamna, saa nzima inaisha mama ameacha sufuria motoni, alafu kijana anasema asante sana anapanda boda anaenda. Yale majibu hujayaona tena mpaka leo. Na kwenye ripoti inaandikwa jamii ilishirikishwa. Mimi hapo nakataa kabisa. Jamii imeshirikishwa pale ambapo swali limetoka kwenu, hesabu mnaishika nyinyi, na yule anayesimamia pesa anakuja anakaa mbele yenu anajibu. Hayo mambo matatu, moja likikosa kazi inalegea, na hii si maneno yangu tu, Uganda hii yetu imefanyiwa utafiti kuliko nchi nyingi kwenye hili jambo.

Wazee mnakumbuka miaka ya tisini. Serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa shule za msingi, pesa kwa kila mwanafunzi, inapita wilayani inashuka shuleni. Watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, wakafuatilia hizo pesa kuanzia 1991 mpaka 1995, wakakuta kwa wastani shule ilikuwa inapata 13 tu katika kila 100 iliyotakiwa kufika. Kumi na tatu! Na mzazi alikuwa anachanga karo bila kujua kuna pesa ya mtoto wake imetoka Kampala. Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikaambiwa zibandike ukutani zilichopokea. Kufika 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya 80 katika 100. Sasa, kulikuwa na mageuzi mengine pia kipindi kile kile, kwa hiyo sitawaambia karatasi ya ukutani ndio ilifanya kila kitu. Lakini mzazi asiyejua kiasi anauliza nini? Atauliza tu kwa nini mwalimu amechelewa, na mwalimu mwenyewe naye hajalipwa.

Haya, tuje kwenye zahanati. Mwaka 2004 na 2005 Martina Björkman na huyo huyo Svensson walichukua vituo vya afya 50 kwenye wilaya 9. Nusu ya sehemu hizo watu wa kijiji waliitwa mkutanoni wakapewa taarifa ya kituo chao kwa maandishi, wafanyakazi wanafika kazini kiasi gani, mgonjwa anasubiri muda gani, dawa zinakuwepo au hazipo, alafu wakakaa na wahudumu wakaandikiana makubaliano nani atafanya nini. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na kule ambako hawakufanya. Dunia nzima ikashangilia, wafadhili wakaanza kuandika ushirikishwaji kwenye kila mradi.

Ila wengi waliruka kipande kimoja. Watafiti hao walijaribu tena kwenye sehemu nyingine, mikutano ikafanyika vizuri tu, makubaliano yakaandikwa, lakini bila kuwapa watu zile takwimu za kituo chao. Haikubadilisha kitu. Matokeo yalichapishwa 2017. Mnaona? Watu walikaa chini ya mti, walizungumza, walikunywa soda, na mtoto aliyeumwa akakuta hali ile ile. Na ile sehemu ya kwanza yenye takwimu, walirudi baada ya miaka minne wakakuta mabadiliko bado yapo.

Alafu kukaja jaribio kubwa zaidi, vituo 376 kwenye wilaya 16, na hapa lazima niwe mkweli kwenu maana wengine wanaificha hii. Huduma ilikuwa bora kidogo, wagonjwa wakaridhika zaidi, lakini vifo vya watoto havikushuka kwa sababu ya mikutano ile. Watu wanabishana kwa nini. Mimi naangalia hivi: Uganda yenyewe ilikuwa imebadilika, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa 90 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa kwenye utafiti wa kitaifa wa afya wa 2011, vikafika 64 kwenye ule wa 2016. Yale matatizo ambayo muuguzi anaweza kuyarekebisha kwa kuamua tu kufika kazini mapema, mengi yalishapungua. Yaliyobaki ni dawa kuisha bohari, ni nafasi za kazi zisizojazwa, na hapo kijiji kikimpigia kelele nesi kinamuonea tu. Anayetakiwa kuitwa ni wa wilaya. Kwa hiyo kamati ambayo kazi yake inaishia getini kwa kituo cha afya mimi naiona imefanya nusu ya kazi.

Niwaonyeshe kitu nilichokiona kwa macho, sitataja kijiji. Akina mama waliambiwa wakipime kituo chao wenyewe. Hawakupewa fomu, walipewa maharage, kitu kikienda vizuri wanakiwekea punje nyingi. Wakachora mistari chini kwenye vumbi, wakaweka jani kuwakilisha dawa, wakaweka kiatu kuwakilisha mhudumu, na mama mmoja akaweka kitenge akasema hii ni namna tunavyoongeleshwa wakati wa kujifungua. Hakuna mtu wa mradi angefikiria hilo. Kwenye dawa wakaweka maharage manne, kwenye mhudumu sita, kwenye kitenge moja. Punje moja! Chemani wa LC1, yaani mwenyekiti wa baraza la kijiji, akainama aongeze, labda aliona aibu mbele ya wageni, na bibi mmoja mzee akamwambia, mwanangu kaa, wewe hujazaa pale. Akakaa. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama karibu anaangalia ile punje, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko ripoti yoyote niliyowahi kusoma. Ile fomu iliyotoka makao makuu, na ilikuwa ndefu kweli, haikuwa na swali ata moja kuhusu lugha ya matusi kwenye chumba cha kujifungulia.

Sasa maswali yenu, naona mikono.

Ndugu ameuliza kuhusu pesa za parishi, PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi zao. Ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, shilingi milioni 100 kila parishi kwa mwaka, mtu anakopa milioni moja. Ombeni orodha ya waliopata isomwe mkutanoni kwa sauti, jina kwa jina, maana kuibandika ofisi ya parishi peke yake haitoshi, wengine hawasomi na wengine hawafiki huko. Na mkinyimwa, kuna sheria ya kupata taarifa ya 2005, unaandika barua na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Barua iwe na nakala, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, msiache hiyo.

Mama kutoka kambini anasema je sisi wakimbizi? Swali zuri sana mama. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa raia haki hiyo ya kupata taarifa, wewe hukutajwa pale, na hilo mimi linaniuma kusema kweli. Lakini ndio maana nawaomba kamati zenu zisiwe mbili. Miradi mingi ya wakimbizi imepangiwa asilimia 30 iende kwa wenyeji, kwa hiyo mwenyeji ana sababu yake halali ya kuuliza bajeti, yeye anaandika barua, jibu mnalisoma pamoja nyinyi na viongozi wenu wa RWC, yale mabaraza ya wakimbizi.

Kijana anauliza nani atawalipa. Nauli na chakula cha mchana lazima iwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, mtu hawezi kuacha kibarua cha siku nzima kwenda kukagua kisima cha shirika bure alafu afisa aliyekaa kwenye gari analipwa posho ya safari. Semeni hilo waziwazi siku mradi unatambulishwa, siku wenye shirika bado wanatabasamu. Na wale mnaoogopa kutajwa majina, ongeeni kama kamati, barua isainiwe na wote, mkutano uhudhuriwe na wengi, msimtume mtu mmoja.

La mwisho, mzee ameuliza mkandarasi akishaondoka inakuwaje. Mzee, kwa kawaida mkandarasi halipwi pesa yote jengo likiisha, kuna kiasi kinazuiwa kwa miezi kadhaa mpaka ionekane kazi haina kasoro. Hicho kipindi ni chenu. Ulizeni kinaisha tarehe gani, muandike kwenye daftari la kamati, na kabla haijafika mzunguke pale, pampu inatoa maji au imekauka, sakafu imepasuka, mlango wa choo unafungika, muandike kila kitu na picha za simu mpeleke kwa injinia wa wilaya kabla hajasaini ile malipo ya mwisho, maana akishasaini mkandarasi hapokei tena simu yenu.